Seti ya Old Man Emu ya inchi mbili kwenye Hilux: inavyofaa kwa barabara za Mtwara na Lindi

Hilux iliyonyanyuliwa inchi mbili inaweza kuwa laini kuliko ilivyotoka kiwandani. Inaweza pia kuwa ngumu kiasi kwamba abiria wa kiti cha nyuma akitoka Nachingwea kwenda Liwale anashuka ameshika kiuno. Seti ya Old Man Emu, inayotengenezwa na kampuni ya ARB ya Australia, inaweza kukupa gari la aina yoyote kati ya hizo mbili. Kinachoamua ni kundi la springi uliloandika kwenye oda na jinsi fundi alivyokaza bolti za bushi, zile raba za kwenye maungio.

Tunazungumzia Hilux za kuanzia 2005, yaani Vigo, na Revo iliyofuata 2015. Mbele zina amu mbili, yaani mikono ya chuma inayoshika gurudumu, kila upande na koili iliyovikwa juu ya shokapu. Nyuma zina ekseli ngumu iliyofungwa chini ya springi za majani. Ukitoa oda usiandike "seti kamili" ukaishia hapo. Taja shokapu mbili za mbele, koili mbili, shokapu mbili za nyuma, springi mbili za majani, yuboti nne (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), bushi za macho ya springi na za shako (kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi), na kama gari limepita kilomita laki moja, mauntini mbili mpya, yaani vishikio vya juu vya shokapu za mbele. Yuboti na bushi mara nyingi huuzwa nje ya boksi, na ndizo zinazosahaulika. Matokeo yake gari linakaa juu ya stendi Mtwara huku bushi zikiwa bado duka la Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 550. Na basi la kuzileta halina uhakika kila msimu: Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo pale Somanga.

Sasa springi za nyuma, maana hapo ndipo ulaini unaponunuliwa au kutupwa. Springi hizi huuzwa kwa makundi ya mzigo wa kudumu: jepesi, la kati na zito. Mzigo wa kudumu ni ule usioshuka kwenye gari: kava la bodi, keria, tanki la pili la dizeli, boksi la vifaa. Magunia hayamo kwenye hesabu hiyo, hata uwe unayabeba kila wiki, kwa sababu yanashuka. Mnunuzi wa kusini anafikiria korosho, anaona kundi zito, anasema hiyo ndiyo springi ya kazi. Lakini msimu unaanza Oktoba na kwa kawaida Januari umeshapungua. Miezi iliyobaki bodi lina jeki na jerikeni. Springi nzito ikiwa haina kitu juu yake haijipindi. Kila shimo linapita ekseli, linapita chesisi, linafika kwenye mgongo wa dereva.

Hesabu yenyewe si ngumu. Hilux ya dabo kabini hubeba takriban tani moja, watu wakiwamo. Watu watano ni kilo 350 hadi 400. Kinachobaki ni kama kilo 600, ambazo ni magunia saba ya korosho ya kilo 80. Kubadilisha springi hakuongezi hata kilo moja juu ya hapo, kwa kuwa breki, bearing na chesisi ni zile zile za kiwandani. Kama zaidi ya nusu ya safari zako bodi ni tupu, kundi jepesi linatosha na magunia hayo saba litayabeba. Nyuma itashuka, na ni kazi ya springi kushuka. Kundi la kati linamfaa mwenye kava na keria. Kundi zito tunalipendekeza kwa gari lenye tanki la maji au vifaa vya kuchimbia visima ambavyo haviteremshwi, na si kwa mwingine.

Usikadirie kwa macho. Kabla ya kufungua kitu chochote, egesha gari kwenye sakafu iliyolala sawa, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, pande zote nne, andika. Baada ya kufunga, pima tena. Unatafuta ongezeko la milimita 40 hadi 50 mbele na nyuma. Kisha pakia mzigo wako mkubwa wa kawaida na uchungulie chini: kati ya ekseli na raba ya kugongea ya nyuma pabaki angalau milimita 50. Nyuma ikiwa imepanda milimita 70 bila mzigo, springi ni nzito mno kwa gari hilo, na hakuna shokapu itakayoficha hilo.

Kuna wanaoshauri mifuko ya upepo juu ya springi nyepesi, ya kujazwa msimu wa korosho na kupunguzwa baadaye. Kwa mzigo wa wastani ni sawa. Hatari inakuja mtu anapoifanya mifuko ibebe kilichokusudiwa kubebwa na springi. Springi ya majani hugawa uzito kwenye sehemu mbili za chesisi, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko huusukuma wote sehemu moja juu ya ekseli, na bodi la dabo kabini limejitokeza sana nyuma ya hapo. Chesisi za pikapu hupinda nyuma ya kabini kwa namna hiyo hiyo. Weka upepo wa kurudisha kimo kilichoshuka tu, usijaze hadi mkia uwe juu kuliko ulivyokuwa bila mzigo.

Kitu kingine kinachofanya nyuma iwe ngumu ni pembe ya shako. Gari likiwa tupu, shako inatakiwa iinamie nyuma kidogo, ili springi ikinyooka ipate pa kwenda. Springi yenye upinde mkubwa mno huvuta macho yake karibu, shako inasimama wima au kuinamia mbele, na springi inakuwa kama imefungwa. Angalia hili gari likiwa chini. Shako za kurefusha hazitibu tatizo: kila milimita 50 za shako huleta karibu milimita 25 tu za kimo, na zinageuza pembe ya difu hadi propela inaanza kutetema ukikanyaga mafuta.

Halafu kuna msuguano kati ya majani. Gari linalobeba samaki kutoka feri ya Mtwara au Kilwa Masoko humwagiwa maji ya barafu na chumvi juu ya springi kila siku. Linalopanda Newala na Tandahimba hupata mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde katikati ya majani. Kutu na mchanga hushikanisha majani, na springi nyepesi inaanza kutenda kama nzito. Mafundi wengi humwagia oili chafu. Inanyamazisha kelele kwa wiki moja, kisha mchanga unaganda kwenye oili na kusaga majani. Bora osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kila shehena ya samaki, na mara moja kwa mwaka legeza majani, piga brashi ya waya, paka grafaiti kavu, badilisha vipande vya plastiki kwenye ncha za majani kama vimekwisha. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi na msaidizi. Hakuna matengenezo mengine ya bei hiyo yanayorudisha ulaini kiasi hicho.

Mbele, koili huchaguliwa kwa uzito wa pua ya gari. Bulbari ya chuma na winchi vina koili yake. Hilux yenye bampa ya kiwandani ina nyingine. Ukifunga koili ya bulbari kwenye gari lisilo na bulbari, pua inapanda kupita kiasi na shokapu inakaa karibu na mwisho wa kufunguka kwake. Utaisikia ukishuka tuta: tairi inaning'inia, shokapu inafika mwisho, "klak". Watu husema bolijointi imekufa, wananunua bolijointi, kelele inabaki.

Kelele hiyo hiyo ndiyo tabia ya spesa, kile kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachouzwa kuwa "lifti ya inchi mbili" kwa sehemu ndogo ya bei ya seti. Spesa ni za aina mbili. Ya kwanza hukaa kati ya koili na kikalio chake na kuikandamiza koili zaidi. Tuseme gurudumu lilikuwa na milimita 80 za kushuka kutoka kimo cha kawaida. Ukilinyanyua gari milimita 50 kwa njia hiyo, unabaki na 30, na kila shimo la rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, linazimaliza. Ya pili hukaa juu ya mauntini. Hii haigusi koili, lakini inaisogeza shokapu nzima chini, kwa hiyo gari likigonga shimo kubwa shokapu inafika mwisho wa kujifunga kabla raba ya kugongea haijafanya kazi, na gurudumu likining'inia driveshafti na bolijointi zinapinda kupita zilipopangiwa. Kwa sababu ya urefu wa amu, spesa ya juu ya mauntini yenye unene wa milimita 25 hunyanyua gari karibu mara mbili ya unene wake, na ndiyo maana kipande kidogo kinaleta madhara makubwa. Hatuipendekezi aina yoyote kwa gari la kazi. Kitu kinachofanana nayo na kinachokubalika ni kipande chembamba cha kusawazisha, milimita 10 au chini, upande mmoja, pale gari linapolala upande wa dereva.

Nyuma, ndugu wa spesa ni bloku kati ya ekseli na springi, na jani la kuongeza. Bloku haibadilishi ulaini, ila inaipa ekseli wenzo mrefu zaidi wa kuipinda springi unapoondoka na mzigo mlimani. Jani la kuongeza ndilo adui mkubwa wa abiria. Springi zilizochoka zikikunjwa upya kwa nyundo nazo hazidumu. Zinarudi chini baada ya miezi michache.

Shokapu za seti hii, Nitrocharger Sport za njano, ni za mirija miwili zenye gesi ya naitrojeni. Mwanzo wa mwendo wake ni laini, na ndiyo sababu tunaziweka mbele ya za mrija mmoja kwa gari la familia au la ofisi. Shokapu ya mrija mmoja, mfano Bilstein yenye pistoni ya milimita 46, hupoa haraka na haichoki kwenye rasta ndefu, lakini kwa mwendo mdogo mjini, kwenye matuta ya Mikindani au Mtama, inahisiwa kavu zaidi, na jiwe likiubonyeza mrija wake pistoni inakwama. Ya mirija miwili inavumilia kubonyezwa. Udhaifu wake ni joto: ukiiendesha kwa kasi kwenye rasta kwa muda mrefu mafuta yanapata moto, yanakuwa mepesi, gari linaanza kuelea na nyuma kukwepa kwenye kona. Gesi huzuia mafuta kutoa povu mapema, haizuii joto. Punguza mwendo, simama kidogo. ARB wana shokapu nyingine, BP-51, inayorekebishwa ugumu wa kujifunga na wa kufunguka kila mmoja peke yake. Ni nzuri kweli, na kwa mtu anayetoka Mtwara kwenda Masasi kwa kazi ni gharama isiyo na sababu; pia marekebisho yake yanataka usafi ambao vumbi letu haliruhusu.

Kupima shokapu ambayo tayari imefungwa hakuhitaji mashine. Baada ya nusu saa ya barabara ya vumbi, sogeza mkono karibu na kila moja, taratibu, inaweza kuunguza. Iliyo baridi wakati wenzake wana moto haifanyi kazi.

Ufungaji. Koili ya mbele ifunguliwe kwa kibana koili tu. Nati ya katikati ikilegezwa bila kibana, mauntini inaruka na kuua. Toa linki za stabilaiza pande zote mbili kabla ya kushusha amu, vinginevyo utapambana na gari zima. Nyuma, beba chesisi kwa stendi na ekseli kwa jeki, hakikisha kichwa cha sentabolti, bolti inayoshika majani ya springi pamoja, kimeingia kwenye tundu la ekseli, kaza yuboti kwa kukingamanisha, kidogo kidogo. Yuboti za zamani zisirudi: zimeshavutika.

Bolti za bushi, za amu mbele na za macho ya springi nyuma, zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma, haizunguki, inajipinda tu. Fundi akikaza magurudumu yakining'inia, raba inakuwa imeshapindwa kabla gari halijatembea. Inalivuta gari, inaongeza ugumu, na inachanika mapema. Simama pale hatua hiyo inapofanyika. Ni dakika ishirini, na gereji yenye foleni itashawishika kuziruka. Bushi za poliyurithani zinadumu, ila zinapitisha mtikisiko zaidi na zinataka grisi. Kwa ulaini, chagua raba.

Mambo matatu huachwa wakati wa kukabidhi gari. Moja, hozi za breki na waya za ABS: zungusha usukani mwisho hadi mwisho magurudumu yakining'inia, zisikaze. Pili, Hilux nyingi zina vali ya breki ya nyuma inayosoma mzigo kwa fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Gari likinyanyuliwa, fimbo inaiambia vali kwamba bodi ni tupu hata likiwa na magunia, na breki za nyuma zinapunguzwa. Kishikio cha fimbo kwenye ekseli kipandishwe kwa kiasi gari lilivyopanda. Tatu, alaimenti. Kunyanyua kunapunguza kasta, yaani mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye lami. Kwa inchi mbili, bolti za kurekebisha za amu ya chini kwa kawaida zinatosha kurudisha nyuzi 2 hadi 3. Ukizidi hapo utahitaji amu za juu za kununua, na driveshafti zitaanza kulalamika. Taa za mbele zishushwe pia, ukiwahurumia wanaokuja mbele yako.

Kaza yuboti tena baada ya kilomita 500, kisha 1,000. Springi mpya zitashuka milimita 5 hadi 15 katika muda huo, kwa hiyo usihukumu ulaini wala kimo siku ya kwanza.

Kuhusu tairi: wengi hunyanyua gari ili wavae 285/70R17. Kipenyo chake ni milimita 831 dhidi ya 776 cha 265/65R17 ya kiwandani, tofauti ya asilimia 7. Spidomita ikionyesha 80, unakwenda karibu 86. Tairi hiyo ni nzito zaidi, na uzito huo hauko juu ya springi bali chini yake, kwa hiyo shokapu ile ile inabidi itulize gurudumu linaloruka kwa nguvu zaidi. Ukuta wa tairi za mizigo za ply 10 nao ni mgumu. Kama ulaini ndio shabaha, 265/70R17 yenye ukuta wa wastani inajaza matao ya kutosha na inaongeza asilimia 3 tu.

Na upepo. Kibandiko cha mlango wa dereva ndicho kipimo cha kuanzia kwa tairi za kiwandani. Bodi likiwa tupu, nyuma haihitaji kuzidi psi 30 kwenye lami. Ukibeba magunia saba panda hadi 38 au 40. Kwenye rasta ndefu shusha hadi 24 au 26 pande zote na usizidi kilomita 60 kwa saa, kwa sababu tairi laini inayokimbizwa hupata moto na kupasuka. Mchanga mzito wa pwani au njia za mashambani Tandahimba, 16 hadi 18, kisha jaza tena kabla ya lami. Kikandamiza upepo kidogo cha betri kinafaa kununuliwa pamoja na seti. Gari lenye springi sahihi na upepo wa psi 45 nyuma litadunda tu, na lawama ataangushiwa fundi.

Seti hii inamfaa mwenye Hilux inayotembea vumbi zaidi ya lami, bodi likiwa tupu au nusu. Kwa singo kabini inayoshusha samaki kila alfajiri na kulala nje karibu na bahari, tusingelipa fedha hiyo. Springi mpya za kiwandani, shokapu za gesi za kimo cha kawaida na bushi mpya zitampa ulaini ule ule, na chumvi ikizila baada ya miaka michache, hasara itakuwa ndogo.